Altezza na Impreza Turiani: Pesa Iende kwenye Shokapu au kwenye Tairi?

Ukitoka Morogoro mjini, ukaacha barabara kuu ya Dodoma pale Magole na kukata kulia, lami inakuchukua karibu kilometa 49 mpaka Turiani. Mashamba ya mpunga na miwa yako pembeni, Milima ya Nguru iko mbele, na gari la spoti linatembea kwa raha zake. Shida inaanza lami inapoisha. Ingia njia za miwa za Mtibwa, panda Mhonda, au endelea kuelekea Mziha: unakutana na udongo mzito, mawe, na mifereji iliyochimbwa na masika kisha ikakaushwa na jua la Juni. Gari lilelile, siku ileile, linatakiwa kumudu njia zote mbili.

Vijana wengi wa huku wanaopenda mwendo wamenunua Toyota Altezza au Subaru Impreza, na sababu inaeleweka. Altezza iliuzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, na katika msimu wake wa kwanza ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ina mikono miwili ya kushikilia kila gurudumu, ule wa juu na ule wa chini, mbele na nyuma. Impreza nyingi zinasukumwa na magurudumu yote manne. Yote mawili ni magari mazuri, lakini hapa nataka tuzungumzie gharama ambayo wauzaji hawaitaji: tairi linaloisha upande wa ndani kabla ya mwaka kwisha, huku mwenye gari akiamini kwamba amenunua tairi bovu.

Mara nyingi tairi halikuwa bovu. Kilichokuwa kibovu ni kile kilicholishika.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bei ya tairi peke yake haikuambii kitu. Kinachokwambia ukweli ni gharama ya kila kilometa. Namba nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka bei ya duka lako. Tuseme tairi la 215/45R17, saizi ya Altezza ya rimu 17, ni shilingi 250,000. Manne ni milioni moja. Yakitembea kilometa 40,000, kila kilometa imekula shilingi 25. Yakiliwa ndani na kutupwa kwenye kilometa 12,000, kila kilometa imekula zaidi ya shilingi 83. Sasa chukua mtu anayetembea kilometa 12,000 kwa mwaka, kati ya Turiani, Morogoro na mara mojamoja Dar es Salaam. Wa kwanza anatumia shilingi 300,000 za matairi kwa mwaka. Wa pili anatumia milioni nzima, na mwakani atarudi dukani kununua tena. Tofauti ya shilingi 700,000 kwa mwaka ni pesa ya kutengeneza mambo mengi chini ya gari.

Je, tairi linaliwa na nini hasa? Wengi wanalaumu gurudumu kulala, yaani lile pozi la matairi kuegemea ndani kwa juu ambalo unaliona kwenye magari yaliyoshushwa. Kulala kunachangia kweli, kwa kuwa uzito unabebwa na ukingo wa ndani peke yake. Lakini mharibifu mkubwa zaidi ni uelekeo: tairi kutazama ndani au nje badala ya kutazama mbele. Likipotoka nusu nyuzi tu, kila kilometa moja unayotembea linaburuzwa kando karibu mita 9. Kwa kilometa 100 hiyo ni karibu mita 900 za kusuguliwa kwenye lami, na lami ya Morogoro saa nane mchana haina huruma. Nusu nyuzi huioni kwa macho. Usukani unaweza hata kukaa sawa, kwa sababu tairi la kulia na la kushoto yamepotoka kwa kiasi kilekile.

Ndiyo maana gari likishushwa bila kupelekwa alaimenti linakula matairi. Ukishusha gari, mikono inayoshikilia gurudumu inabadili pembe yake, na gurudumu linalala na kugeuka kwa pamoja. Kwenye Altezza hata magurudumu ya nyuma yanabadilika, na fundi anayepima mbele tu anaacha nusu ya ugonjwa ndani ya gari. Ukienda kupima, sema tangu mwanzo kwamba unataka magurudumu yote manne, na omba karatasi yenye namba za kabla na za baada. Asiyeweza kukupa karatasi usimlipe bei ya mashine ya kompyuta. Mafundi wa mtaani wanaopima kwa kamba na tepu wanafanya kazi ya maana pale unapokuwa umebadilisha tairodi endi na unataka kufika Morogoro mjini bila kuharibu tairi, lakini kipimo chao kikufikishe kwenye mashine, kisiwe ndicho cha mwisho.

Kabla hujatoa hata senti, lisome tairi lenyewe. Pitisha kiganja juu ya kashata zake kutoka ndani kwenda nje, kisha kurudi. Upande mmoja ukikwaruza na mwingine ukiteleza, uelekeo umepotoka. Likiwa limeliwa kingo zote mbili na katikati kumebaki, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likiliwa katikati, upepo ulizidi. Ukiona mabonde mabonde kuzunguka tairi, shokapu zimekufa na gurudumu linadunda badala ya kubaki barabarani. Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, ukifuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ya ubavuni ni kikomo cha tairi, haijui gari lako ni lipi.

Sasa tuingie gereji, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea kwa namna nyingi.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kukata springi. Unalipa ufundi tu, gari linashuka siku hiyohiyo. Mimi sishauri mtu yeyote afanye hivyo, na sababu zangu si za urembo. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi: yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiiondoa mmoja, ugumu wake unaongezeka kwa asilimia 20. Shokapu ya kiwandani haikuundwa kwa springi hiyo, na sasa inafanya kazi karibu na mwisho wa safari yake, inagonga chini kila ukikutana na rasta au tuta. Baya zaidi, gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi fupi inaweza kuacha kiti chake. Hebu fikiria jambo hilo likitokea kwenye mteremko wa Mhonda huku umebeba familia. Hakuna bei inayofidia hapo.

Springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika ni afadhali mara nyingi. Zinakaa kwenye kiti chake, na ugumu wake umepangwa. Zikishusha sentimeta mbili au tatu, alaimenti ya magurudumu manne inaweza kurudisha vipimo karibu na vya kiwandani. Kwa mtu anayeishi Morogoro mjini na kuja Turiani kwa lami peke yake, sina ugomvi naye. Kwa anayelala Madizini na kulima Kigugu, huku huku Turiani, sentimeta tatu ndizo zinazoamua kama sampo, lile bakuli la mafuta chini ya injini, itagusa jiwe au haitagusa. Sampo ikipasuka mafuta yanamwagika, na injini inaweza kuisha kabla hujaona taa.

Koilova, zile seti za shokapu na springi unazoweza kupandisha na kushusha kwa kuzungusha pete, ndizo zinazotamaniwa zaidi. Tein ya Japani na BC Racing ya Taiwan ni majina utakayoyasikia. Seti mpya na halisi ni pesa nyingi kuliko shokapu nne za kawaida, na ukiagiza kutoka nje ongeza usafiri na ushuru. Zina faida ya kweli: unaweza kuweka gari kwenye kimo cha kiwandani na bado ukapata mwili usioyumba kwenye kona. Hayo ndiyo matumizi ninayoyaheshimu. Lakini wengi huzishusha hadi mwisho wa pete, na huko springi ngumu na safari fupi ya shokapu zinaupeleka kila mshtuko kwenye tairi, kwenye rimu na kwenye bodi. Tena nyuzi za pete hazipendi matope. Msimu mmoja wa masika bila kuoshwa na kupakwa grisi unatosha kuzigandisha, na koilova iliyoganda hairekebishiki tena. Ukiuziwa seti iliyotumika, jaribu kuzungusha pete kwa mkono wako mbele ya muuzaji. Isipozunguka, funga pochi.

Shokapu za mtumba kutoka Japani zina wateja wengi, na bei yake inavutia. Shida yake ni kwamba umri wake huwezi kuujua. Ukilazimika kununua, ibonyeze hadi mwisho na uiachie: irudi polepole, kwa mwendo mmoja, bila kulegea katikati. Mkono wa shokapu uwe laini usio na mikwaruzo wala kutu, na pasiwe na dalili ya mafuta kwenye sili. Nunua mbili za jozi moja, kamwe usichanganye mpya ya kulia na kuukuu ya kushoto.

Njia ninayoipendekeza kwa watu wengi wa Turiani haina sifa mtaani: shokapu mpya za kiwango cha kiwanda, springi za kiwandani, bushi mpya. KYB, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa jina la zamani la Kayaba, hutengeneza shokapu za gesi zinazochukua nafasi ya zile za awali bila kubadili kimo cha gari. Gari linarudi kutembea kama lilivyokusudiwa na wahandisi walioliunda, na hao walilipima kuliko sisi sote. Ila jihadhari na bandia. Linganisha namba ya sehemu iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye shokapu yenyewe, na zote mbili na modeli ya gari lako. Muuzaji akikuambia, "Bosi, hii ni orijino, chukua tu," mwombe risiti yenye namba hiyo. Mwenye bidhaa halali hatakataa.

Kuna wanaofanya kinyume cha kushusha, wananyanyua gari kwa spesa. Kwa njia zetu wazo hili lina akili, ila lisizidi. Kwenye Impreza, ambayo shokapu imekaa karibu na gurudumu, spesa ya sentimeta mbili inanyanyua gari takribani kiasi hichohicho. Kwenye Altezza shokapu ya mbele imekaa ndani zaidi kwenye mkono, kwa hiyo spesa ileile inanyanyua zaidi ya unavyodhani. Ukizidisha, pembe zinaharibika kwa upande wa pili na boljointi zinavutwa, na kwenye Impreza ekseli za mbele zinafanya kazi zimepinda. Baada ya kunyanyua, alaimenti ni lazima kama ilivyo baada ya kushusha.

Bushi na boljointi zinastahili aya yake, kwa kuwa ndizo zinazosahaulika na ndizo za bei ndogo. Unaweza kufunga koilova za gharama na kufanya alaimenti ya mashine, lakini bushi za mkono wa chini zikiwa zimechanika, vipimo vyote vinapotea mara unapokanyaga breki. Mashine inapima gari likiwa limesimama. Bushi mbovu inasogea gari likitembea. Kwa hiyo mpangilio ni mmoja tu: bushi, boljointi na tairodi endi kwanza, shokapu baadaye, alaimenti mwisho, tairi jipya baada ya hapo. Ukianza na tairi jipya umelitoa kafara. Kwa Altezza mwambie fundi akague hasa boljointi za chini za mbele. Bushi za kuchonga ni za dharura. Zile za plastiki ngumu zinazouzwa kwa magari ya mashindano zinashika vipimo vizuri, lakini kwenye vumbi hupiga kelele na hupitisha mitetemo mingi. Kwa gari la kila siku mpira wa kiwandani unatosha.

Wenye Subaru wana sheria yao ya ziada, na kuipuuza kunagharimu kuliko tairi. Kwa kuwa magurudumu yote manne yameunganishwa, Subaru inataka mizunguko ya matairi isitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6 na kidogo. Ukiigeuza kuwa kina cha kashata, ni tofauti ya milimita moja tu. Maana yake, ukipasua tairi moja kwenye jiwe huku matatu mengine yamekwisha nusu, kununua moja jipya kunaifanya difu ya katikati ifanye kazi muda wote, ipate joto na iharibike. Hapo una njia mbili: kununua manne, au kutafuta la mtumba la saizi, aina na kina kilekile. Hii ni sababu ya kuzungusha matairi mbele na nyuma kila baada ya kilometa 10,000 hivi, ili yaishe pamoja. Ukiona tairi lenye saizi, aina na kina sawa na yako linauzwa kwa bei nzuri, nunua moja ulihifadhi mbali na jua.

Kuhusu tairi lenyewe, jambo lenye faida kubwa kuliko yote kwa njia yetu ni ubavu mrefu. Tairi la 215/45R17 lina ubavu wa milimita 97. Ukibadili rimu kuwa 16 na kuvaa 205/55R16, ubavu unakuwa milimita 113, na kimo chote cha tairi kinatofautiana chini ya milimita 7, kiasi ambacho hakitaisumbua spidomita. Milimita hizo 16 za mpira na upepo ndizo zinazookoa rimu isipinde na ubavu usipasuke ukingoni mwa shimo. Kabla ya kulipa, jaribisha rimu moja uone kama haigusi kalipa ya breki, hasa kwenye Altezza yenye breki kubwa. Na saizi za 16 mara nyingi ni nafuu kuliko za 17. Turudi kwenye hesabu yetu ya mfano: tairi likiwa 180,000, manne ni 720,000, na kwa kilometa 40,000 kila kilometa ni shilingi 18. Mwenye kilometa 12,000 kwa mwaka anatumia 216,000 badala ya 300,000. Ukiuza rimu za 17 zikiwa bado nzima, zinaweza kulipia sehemu nzuri ya mabadiliko hayo.

Soma pia herufi za ubavuni. Tarehe ya kutengenezwa iko kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene na umri wa miaka kumi ni mpira uliokauka. Nyufa ndogo ubavuni zinakueleza, na kwenye lami yenye maji halishiki. Namba ya uzito nayo ni muhimu kwa watu wetu wanaopakia magunia ya mchele kwenye buti. Namba 87 inabeba kilo 545 kwa tairi, 91 inabeba kilo 615. Baadhi ya matairi yameandikwa pia TREADWEAR na namba: kubwa zaidi inaashiria kudumu zaidi, ndogo inaashiria mpira laini unaoshika sana na kuisha haraka. Tairi laini la mashindano lenye 200 ni anasa kwenye barabara ya Magole. Na kumbuka kwamba magunia mawili nyuma yanalishusha gari na kulaza magurudumu vilevile kama springi fupi, kwa hiyo aliyekwisha kulishusha gari kisha akalipakia anajidhuru mara mbili.

Wanaosema gari la spoti haliwezi njia za udongo bila kuharibika watazame historia ya ukanda wetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili. Impreza ilishinda Safari ya 1997 ikiwa na Colin McRae na ya 2000 ikiwa na Richard Burns. Magari hayo yalinyanyuliwa, yakapewa shokapu zenye safari ndefu na matairi yenye ubavu wa kustahimili mawe. Timu zenye pesa za kununua chochote duniani zilipokuja Afrika Mashariki zilipandisha magari yao, hazikuyashusha.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwa anayeishi Turiani na kutumia gari kila siku ni huu: baki kwenye kimo cha kiwandani au panda sentimeta mbili, weka bushi na shokapu mpya, vaa rimu 16, na ufanye alaimenti ya magurudumu manne kila ubadilishapo kitu chochote chini ya gari na tena masika yakiisha. Anayekaa mjini na kutembea lami peke yake anaweza kuweka springi fupi za gari husika au koilova halisi, akiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Kukata springi, usikubali hata ukifanyiwa bure.

Na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, usinunue tairi. Mpeleke fundi unayemwamini chini ya gari, mwambie atikise kila gurudumu mkiwa wote wawili, kisha ubadilishe kilicholegea.